Mianzo Kumi na Saba

Kushiro, Februari. Kioo cha dirisha la duka
kimeota barafu kwa ndani.
Bi Hatsue Murakoshi anaingia akikung'uta theluji viatuni,
anaiweka kamera juu ya kaunta
kama mtu aliyemleta paka mgonjwa kwa daktari.
"Inakata," asema. "Sekunde nne, kisha kimya."

Miaka thelathini na mmoja alipanga barua posta,
mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango;
hapendi kitu kisichofika.

Mimi fundi huanza na yaliyo madogo.
Je, kikufuli cha ubavuni kimeshuka?
(Mara nyingi ni hicho tu: kipande cha plastiki
kidogo kuliko punje ya mchele
kinachoiamuru kamera nzima: usiandike.)
Hakikushuka.
Je, meno ya shaba yameshika uchafu? Nikayasugua
kwa kifutio cheupe cha watoto wa shule
hata yakang'aa. Nikabonyeza kitufe chekundu,
nikamlenga yeye mwenyewe na skafu yake ya kijani:
moja, mbili, tatu, nne,
na skrini ikatoa maneno yale yale ya adabu:
"Kurekodi kumesitishwa."

"Labda ni baridi," akasema. Akanieleza
anavyoibeba kwapani alfajiri,
betri moja mfukoni, nyingine ndani ya glavu,
hadi darajani, mto unapofuka mvuke
na korongo wamelala wima, mguu mmoja majini,
kwa sababu maji, huko, ndiyo blanketi.
Baridi hula betri, nikamwambia.
Lakini baridi haijui kuhesabu hadi nne
kila mara bila kukosea.

Ndipo nikaichomoa kadi, nikaisoma uso.
Gigabaiti mia mbili hamsini na sita!
Kizuri chajiuza; hii ilikuwa imejitembeza
kwa herufi za dhahabu.
"Uliinunua wapi?"
Akatazama chini. "Kwenye kapu la bei ya kutupa.
Kando ya soksi."

Nikaitia kwenye kompyuta ipimwe pumzi.
Tulikunywa chai. Kompyuta ikahesabu.
Kadi haikuwa na hata robo ya ilichodai,
na koo lake jembamba:
kamera yamimina kwa ndoo,
yenyewe yameza kwa kijiko,
na kile kibakuli cha katikati, tumboni mwa kamera,
hujaa, hufurika, kwa sekunde nne hasa.
"Kwa hiyo si kamera."
"Si kamera."
"Wala si mimi."
"Wala si wewe, Bi Hatsue."
Hapo ndipo alipovua skafu.

Nikamuuzia nyingine, tumbo dogo, koo pana.
Ile ya zamani nikataka kuifomati, mazoea tu;
kidole kilikuwa tayari juu ya "Ndiyo".
"Ngoja. Kuna nini humo?"

Video kumi na saba.
Korongo anainua mguu. Kata.
Korongo anainama, anaokota kijiti. Kata.
Wawili wanatazamana, shingo zinaanza kupinda. Kata.
Mmoja anafungua mdomo, mvuke unatoka,
sauti haijafika.
Tulizitazama zote. Chai ikapoa.

Machi alirudi na ngoma nzima, dakika kumi na moja,
bila hata fremu moja kudondoka. Aliionyesha
kwenye ukumbi wa wapenda ndege. Bwana Itagaki alikoroma
kabla ya dakika ya tano. "Kazi safi," wakamwambia,
wakavaa makoti.

Ile kadi mbovu iko kwake, ndani ya bahasha.
Juu yake ameandika, kwa mwandiko wa posta:
ISIFUTWE.
Na kikufuli cha ubavuni
amekishusha mwenyewe, kwa ukucha.